Shajara ya mradi: rekoda ya chaneli 16 inayoonyesha madirisha 3

Siku ya 1. Hali ilivyokutwa

Vifaa: rekoda moja ya NVR (inayorekodi kamera za mtandao) ya chaneli 16, diski mbili, tundu la HDMI na la VGA. Kamera ni 16. Chaneli 1 hadi 6 ni za megapikseli 8 (3840×2160, fremu 20 kwa sekunde). Chaneli 7 hadi 16 ni za megapikseli 4 (2560×1440, fremu 25). Kamera 12 za kwanza zimetoka kwa mtengenezaji wa rekoda yenyewe. Nne za mwisho, 13 hadi 16, ni za mtengenezaji mwingine na zimeingizwa kwa ONVIF, lugha ya pamoja inayounganisha kamera na rekoda za watengenezaji tofauti.

Lalamiko: kwenye mgawanyo wa madirisha 16, matatu yana picha na 13 ni meusi yenye maandishi "No Resource". Rekoda ikizimwa na kuwashwa, idadi hubadilika: mara 3, mara 4, mara 5, na si madirisha yaleyale. Ukibofya dirisha jeusi mara mbili lijaze skrini, picha inakuja safi kabisa. Ukirudi kwenye 16, imepotea.

Kurekodi hakuna kasoro. Saa moja ya jana ilichezwa kwa kila chaneli, moja baada ya nyingine, na zote 16 zimo bila pengo.

Kabla ya leo yalikwishajaribiwa haya: kubadili kebo, kubadili diski, kurudisha rekoda kwenye mipangilio ya kiwandani, na kushusha kiwango cha biti cha kamera za megapikseli 8 kutoka Mbps 8 (megabiti kwa sekunde) hadi 4. Hakuna kilichosaidia, na hakuna kilichopaswa kusaidia. Kiwango cha biti kimerudishwa Mbps 8 leo, maana kilikuwa kinaharibu rekodi bure.

Kinachoandikwa kwenye dirisha jeusi kisomwe kabla ya kugusa bisibisi. "No Resource" maana yake rekoda imeipata kamera, imepokea data, lakini haina nguvu iliyobaki ya kuifungua data hiyo iwe picha. Kamera iliyopotea kwenye mtandao huandikwa kwa maneno mengine, na nywila mbaya kwa mengine. Dirisha jeusi lisilo na neno lolote ni jambo tofauti kabisa: mara nyingi kodeki (namna ya kubana picha) au ukubwa wa picha ambao rekoda haiujui. Picha yenye viraka vya kijivu vinavyokokotwa ni pakiti zinazopotea njiani. Makosa manne yenye dawa nne, na wateja huyaita yote "kamera haionyeshi".

Siku ya 1, jioni. Hesabu

Ukurasa wa vipimo wa rekoda una namba tatu ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni 16, idadi ya kamera zinazoweza kusajiliwa. Hiyo ndiyo inayochapwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Ya pili ni Mbps 160, jumla ya data inayoweza kuingia kutoka kamera zote. Ya tatu imefichwa chini kwa herufi ndogo: uwezo wa kusimbua, yaani kuifungua data iwe picha, ni chaneli 2 za megapikseli 8 kwa fremu 30, au 4 za megapikseli 4, au 8 za 1080p (1920×1080). Hiyo ya tatu ndiyo inayoamua nini kitaonekana kwenye monita, na ndiyo ilipaswa kuulizwa dukani kabla ya zote.

Kurekodi ni kupokea magunia yaliyoshonwa na kuyapanga ghalani, hakuna anayeyafungua. Kuonyesha ni kufungua kila gunia na kumwaga punje zote sakafuni, mara 20 au 25 kwa sekunde. Ndiyo maana ghala limejaa vizuri na sakafu haitoshi.

Data inayoingia: kamera 6 × Mbps 8 ni 48, kamera 10 × Mbps 4 ni 40, jumla 88. Mikondo midogo yote pamoja (picha ndogo ambazo kamera hutoa kwa ajili ya kutazama), kwa nusu Mbps kila mmoja, inaongeza 8. Tuko 96 kati ya 160. Upande huu hauna shida.

Kusimbua kunahesabiwa kwa pikseli, si kwa biti. Chaneli 2 × 3840 × 2160 × 30 ni pikseli 497,664,000 kwa sekunde. Chaneli 8 za 1080p kwa fremu 30 zinatoa namba hiyohiyo. Basi mfuko wa rekoda hii ni pikseli milioni 497.7 kwa sekunde. Matumizi yanayodaiwa:

- Kamera moja ya megapikseli 8 kwa fremu 20: milioni 165.9. Sita: milioni 995.3.
- Kamera moja ya megapikseli 4 kwa fremu 25: milioni 92.2. Kumi: milioni 921.6.
- Jumla: milioni 1,916.9, karibu mara 3.9 ya mfuko.

Hapa ndipo zile 3, 4 na 5 zinapopata maelezo. Zikitangulia kuunganika kamera tatu za megapikseli 8, mfuko umekwisha hadi pikseli ya mwisho. Ikitangulia moja ya 8 na tatu za 4, ni milioni 442.4 na nyingine haiingii. Zikitangulia za megapikseli 4 peke yake, tano zinaingia na ya sita inakataliwa. Rekoda inagawa kwa anayefika kwanza, na baada ya kuwashwa hakuna anayejua kamera ipi itamaliza kuamka kwanza.

Jaribio la kuthibitisha: madirisha yote yalifungwa, zikaachwa chaneli 1, 2 na 3. Zote tatu zikaonyesha. Chaneli hizo zikapandishwa kutoka fremu 20 hadi 25; ya tatu ikaandika "No Resource" papo hapo, kwa sababu sasa kila moja inadai milioni 207.4. Zikabaki milioni 82.9. Chaneli 7 ikaongezwa kwa fremu 25, ikakataa. Ikashushwa hadi fremu 20, yaani milioni 73.7, ikafunguka. Rekoda hii basi inahesabu fremu kweli. Zipo rekoda zisizofanya hivyo. Hizo hutazama daraja la ukubwa wa picha tu, na kamera ya megapikseli 8 hulipishwa nafasi nzima hata ikitoa fremu 10. Jaribio kama hili huchukua dakika kumi na linakuambia una rekoda ya aina gani. Fremu zilirudishwa 20 na 25 kama zilivyokuwa.

Siku ya 2. Mkondo mdogo

Kila kamera hutoa angalau mikondo miwili: mkuu kwa kurekodi, mdogo kwa kutazama. Kwenye mipangilio ya mwonekano wa moja kwa moja, mkondo wa madirisha ulikutwa umewekwa "mkuu" kwa chaneli zote. Ukabadilishwa kuwa mdogo. Mpangilio wa kurekodi haukuguswa, unabaki mkuu. Hili lisemwe wazi kwa mteja, maana wengi wakisikia "mdogo" hudhani rekodi nazo zinashushwa.

Madirisha 15 yakafunguka kwa mpigo. Chaneli 15 ikabaki nyeusi bila maandishi yoyote.

Wengi wangefungasha vifaa hapa na kuifuata chaneli 15 peke yake. Lakini marudio ya papo hapo, yale yanayofunguka ndani ya dirisha moja huku mengine yakiendelea, yalipojaribiwa, tabia ikawa ya ajabu: kwa kamera yoyote ya megapikseli 4 yanakubali, kwa yoyote ya megapikseli 8 yanakataa na kuandika "No Resource". Kama mikondo yote ni midogo, mfuko unapaswa kuwa karibu mtupu. Kuna anayekula kwa siri.

Njia ya haraka ya kumkamata ni macho. Tazama maandishi ya saa na tarehe yaliyoandikwa na kamera juu ya picha. Kwenye mkondo mdogo herufi huwa nene, kingo zake zimemeguka kama zimechorwa kwa makaa. Kwenye mkondo mkuu uliobanwa ndani ya dirisha dogo, herufi ni nyembamba kama uzi na hazisomeki. Chaneli 1 hadi 12 zina herufi nene. Chaneli 13, 14 na 16 zina uzi.

Uthibitisho wa namba ulipatikana kwa kompyuta kwenye mtandao huohuo, kwa kuuliza mkondo moja kwa moja kwa ffprobe, programu inayosoma sifa za video:

ffprobe -rtsp_transport tcp "rtsp://mtumiaji:nywila@anwani:554/..."

Sehemu ya mwisho ya anwani hutofautiana kwa kila mtengenezaji. Kwa Hikvision ni /Streaming/Channels/101 kwa mkondo mkuu na 102 kwa mdogo. Kwa Dahua ni /cam/realmonitor?channel=1&subtype=0 kwa mkuu na subtype=1 kwa mdogo. Kilichoonekana: kamera 13, 14 na 16 zina wasifu mmoja tu wa ONVIF (seti ya mipangilio ya mkondo) uliowashwa, na rekoda ikiomba mkondo mdogo inapewa uleule wa 2560×1440. Kamera 15 ina wasifu wa pili, lakini ni wa kodeki ya MJPEG, 640×480, na rekoda hii haisimbui MJPEG.

Hesabu sasa inakaa sawa. Mikondo midogo 12 ya 640×360 kwa fremu 25 ni milioni 69.1. Mitatu mikubwa iliyojificha ni milioni 276.5. Jumla milioni 345.6. Marudio ya kamera ya megapikseli 8 yanaondoa milioni 5.8 ya dirisha lake na kudai 165.9: jumla milioni 505.7, imepita mfuko kwa milioni 8 tu. Ya kamera ya megapikseli 4 inafika milioni 432 na kupita kwa raha.

Siku ya 3. Kamera za ONVIF

Kila moja kati ya hizo nne ilifunguliwa kwa kivinjari, kwa anwani yake yenyewe, si kupitia rekoda. Mkondo wa pili uliwashwa na kuwekwa hivi: kodeki H.264, 640×360, fremu 15, kiwango cha biti 512 kbps, fremu kamili (yenye picha nzima) moja kila fremu 30. Ukubwa wa 640×360 ulichaguliwa kwa sababu una uwiano wa 16:9 sawa na picha kubwa. Ukiweka 704×576, ambayo kamera nyingi huja nayo, watu wanarefuka na magari yanafupika.

H.265, kodeki inayobana zaidi, haikutumiwa kwa makusudi kwenye mkondo mdogo. Kwa picha ndogo hivi unachookoa ni kidogo, na simu za zamani na vivinjari husumbuka nayo. Tena Wasifu S wa ONVIF (hapa ni kiwango cha ONVIF chenyewe, si mpangilio wa mkondo) haubebi H.265, hiyo ilikuja na Wasifu T.

Kosa linalopoteza muda hapa: kubadilisha mipangilio ndani ya kamera hakutoshi. Rekoda ilishasoma orodha ya wasifu siku kamera ilipoingizwa na bado inatumia orodha ile ya zamani. Kamera ifutwe kwenye rekoda, iingizwe upya. Kabla ya kufuta, andika pembeni ratiba ya kurekodi na maeneo ya kugundua mwendo ya chaneli hiyo, kwa kuwa yanaweza kufutika pamoja nayo. Chaneli 16 ilichukua raundi mbili, kwani rekoda ilichagua wasifu wa pili kuwa mkuu na ikaanza kurekodi 640×360. Kosa la namna hii halionekani kwenye madirisha 16 hata kidogo. Linaonekana siku mtu anapotafuta namba ya gari. Dawa yake ilikuwa kupanga wasifu ndani ya kamera ili wa 2560×1440 uwe wa kwanza kwenye orodha, kisha kufuta na kuingiza tena.

Chaneli 1 hadi 12 nazo zilishushwa hadi fremu 15 kwenye mkondo mdogo. Jumla ya madirisha 16 sasa ni milioni 55.3. Marudio yanakubali kwa kila chaneli.

Siku ya 4. Monita

Monita ya 1080p imeondolewa, imekuja runinga ya 4K. Lalamiko jipya: "picha zina ukungu".

Si ukungu. Kwenye monita ya 1920×1080, mgawanyo wa 4 kwa 4 unampa kila mmoja dirisha la 480×270. Mkondo wa 640×360 unaingia humo na kubaki na ziada. Kwenye 3840×2160 dirisha lilelile ni 960×540, na sasa 640×360 inavutwa kama mpira. Skrini imekua, data haikukua.

Mkondo mdogo wa 1280×720 kwa fremu 15 unakula milioni 13.8. Kwa zote 16 ingekuwa milioni 221.2, mfuko ungetosha. Ila kamera za megapikseli 4 hapa haziruhusu mkondo wa pili kuzidi 704×576, kwa hiyo 720p imewekwa kwenye chaneli 1 hadi 6 peke yake, kwa Mbps 1 kila moja. Jumla mpya: 82.9 + 34.6, yaani milioni 117.5. Nafasi iliyobaki inaruhusu marudio mawili ya megapikseli 8 kwa wakati mmoja. La tatu litakataliwa, na hilo limeandikwa kwenye karatasi ya makabidhiano ili lisije likaitwa ubovu.

Rekoda ilipowekwa kutoa 3840×2160 kwa Hz 60, skrini ikawa inazima na kuwaka kila baada ya sekunde chache. Kebo ya HDMI ni ya mita 10, ya shaba, isiyo na kikuza mawimbi. Hz 60 za 4K zinahitaji HDMI 2.0, Gbps 18, na kebo ndefu ya aina hii huwa haifiki huko. Hz 30 zinapita kwa HDMI 1.4 na Gbps 10.2. Imewekwa Hz 30. Kamera hazitoi zaidi ya fremu 25, kwa hiyo hakuna kilichopotea zaidi ya kishale cha kipanya kuwa kizito kidogo mkononi.

Mawili mengine ya siku hii. Monita ndogo ya VGA ilipochomekwa, HDMI ikashuka yenyewe hadi 1080p: kwenye rekoda hii matundu mawili yanatoa nakala ya picha moja, na VGA yake mwisho ni 1920×1080. VGA imechomolewa. La pili, runinga ilikuwa inakata kingo za picha hadi saa ya chaneli 4 ikabaki nusu. Hilo halirekebishwi kwenye rekoda, linarekebishwa kwenye menyu ya runinga, sehemu ya ukubwa wa picha, kwa kuchagua ionyeshe pikseli zote bila kukuza.

Tahadhari kwa atakayebadilisha azimio la skrini (idadi ya pikseli) siku nyingine: ukichagua ambalo runinga hailiwezi, unabaki na kiza na menyu huioni. Uwe na monita ya VGA karibu.

Siku ya 6. Sekunde tano za giza, na viraka

Kubofya chaneli 1 hadi 6 ijaze skrini kulileta giza la hadi sekunde 5 kabla ya picha. Dirisha likijaa skrini rekoda huhama kutoka mkondo mdogo kwenda mkuu, na haiwezi kuanza kuchora hadi ipate fremu kamili. Fremu za katikati hubeba mabadiliko tu. Nafasi kati ya fremu kamili ilikutwa 100. Kwa fremu 20 kwa sekunde hizo ni sekunde 5. Imewekwa 40, sekunde 2 kwa ubaya wake wote.

Chaneli 2 na 5 zikabaki nzito hata baada ya hapo. Zilikuwa na kodeki erevu iliyowashwa, ile inayojirefushia yenyewe nafasi ya fremu kamili pakiwa hapana mwendo. Ikazimwa kwa hizo mbili. Gharama yake ni diski kujaa mapema kidogo, na kwa kamera ambayo mlinzi anaibofya mara hamsini kwa zamu ni bei nafuu.

Viraka vya kijivu: vinajitokeza kwenye chaneli 1 hadi 6 zikijazwa skrini, na kwenye rekodi pia. Hizo sita zinapita kwenye swichi moja ya PoE (inayopeleka umeme kwa kamera kupitia kebo ya mtandao) yenye tundu la kutokea la Mbps 100. Mikondo mikuu ni Mbps 48, midogo ni 6, jumla 54. Kwa wastani njia ni nusu tupu, na ndipo watu hudanganyika. Fremu kamili ya megapikseli 8 tukichukulia ni kilobaiti 500, hiyo ni megabiti 4. Sita zikitoka pamoja ni megabiti 24 zinazotaka kupenya kwenye mlango wa Mbps 100: karibu robo ya sekunde ya foleni, na kumbukumbu ya swichi ndogo haihifadhi foleni ya ukubwa huo. Kinachofurika kinatupwa.

Leo usafirishaji umehamishwa kutoka UDP, isiyorudia pakiti iliyopotea, kwenda TCP ili pakiti iliyotupwa iombwe tena. Viraka vimekwisha, badala yake picha inasita mara mojamoja. Swichi yenye tundu la kutokea la gigabiti imeagizwa.

Siku ya 7. Swichi imefungwa. Kusita hakupo.

Watazamaji wa mbali. Kompyuta tatu za ofisini zinafungua madirisha 16 kwa programu. Huku rekoda haisimbui kitu, inapitisha tu, kwa hiyo "No Resource" ya kusimbua haitokei. Kikomo ni upana wa kutoa, Mbps 80, na nguvu ya kompyuta yenyewe. Mikondo midogo yote ni Mbps 11 kwa kila kompyuta, 33 kwa tatu. Mtu mmoja akibadilisha zote 16 kuwa mkondo mkuu anaomba Mbps 88, na hapo wote watatu wanaanza kukwama. Kwenye programu imewekwa: madirisha zaidi ya manne, mkondo mdogo, usimbuaji ufanywe na kadi ya picha, si prosesa.

Siku ya 8. Limekuja ombi la kuwasha ulinganishaji wa nyuso ndani ya rekoda. Limekataliwa. Mstari mwingine wa vipimo unasema uchambuzi ukiwashwa uwezo wa kusimbua unashuka hadi nusu, yaani milioni 248.8. Madirisha 16 yangeendelea kuonekana, lakini marudio ya kamera moja tu ya megapikseli 8 yangefikisha milioni 269.6 na kukataliwa. Kugundua watu na magari kumewashwa kwenye kamera zenyewe, ambako hakuli mfuko wa rekoda.

Siku ya 9. Usiku na makabidhiano

Jaribio lilifanywa baada ya giza, kwa sababu mchana huficha mengi. Chembechembe za picha usiku hupandisha biti hadi kwenye kikomo kilichowekwa, na taa za infraredi huongeza umeme unaovutwa kwenye PoE. Jumla ya data inayoingia ilisomwa Mbps 98, chini ya 160. Hakuna kamera iliyojizima.

Chaneli 9 ilikuwa ikionyesha mwendo wa kurukaruka. Shata yake (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) ilikuwa imeachiwa ishuke hadi 1/12, na kamera haiwezi kutoa fremu 25 ikiwa kila moja inakaa wazi sehemu ya kumi na mbili ya sekunde. Mwisho wa shata umewekwa 1/25. Picha imekuwa nyeusi kidogo, mwendo umenyooka.

Rekoda ilizimwa na kuwashwa mara tano mfululizo. Mara zote tano madirisha 16 yalifunguka, na marudio mawili ya megapikseli 8 yalikubali.

Vilivyoachwa: faili la mipangilio ya rekoda kwenye diski ya USB, lililohifadhiwa baada ya mabadiliko yote, na jedwali la chaneli 16 lenye ukubwa, fremu, biti na nafasi ya fremu kamili kwa mkondo mkuu na mdogo, limebandikwa ndani ya mlango wa kabati.

Kinachosubiri: kamera 13 hadi 16 zina toleo jipya la programu ya ndani ambalo halijawekwa. Litakapowekwa, mpangilio wa wasifu wa ONVIF ukaguliwe kwanza kwa ffprobe, kabla ya kutazama dirisha lolote, na chaneli 16 ifunguliwe kwenye marudio kuhakikisha inarekodi 2560×1440.